Buti la Mpanda Farasi Huchaguliwa kwa Ajili ya Siku ya Kuanguka

Hotuba ya fundi wa ngozi mbele ya wanafunzi wa mifugo, watunza wanyama na mafundi wenzake, Dodoma

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao ndio hasa nimekuja kuzungumza nanyi: mbukwenyi! Asanteni sana. Na kwa mliotoka mikoa mingine, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie viatu vya kupandia farasi, na najua mtu akisikia hivyo hapa Dodoma atauliza, farasi gani? Swali hilo ni la haki. Ukanda wetu wa kati haujawahi kuwa nchi ya farasi. Mbung'o wanaosambaza ugonjwa wa nagana, na visubi wanaosambaza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, waliwamaliza farasi wengi waliowahi kuletwa sehemu hizi. Punda akastahimili, na ndiyo maana hadi leo ukienda Bahi, Chamwino au Mpwapwa utamkuta punda amebeba madumu ya maji, farasi humwoni.

Lakini vijana wa Dodoma hawafanyi kazi Dodoma peke yake. Wapo kati yenu watakaokwenda kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, ambako watalii hupelekwa porini juu ya farasi na mashamba yanahitaji watu wa kuwatunza wanyama hao. Wapo wanaotamani kuingia Jeshi la Polisi, na Polisi wana kikosi cha mbwa na farasi. Halafu wapo wengi zaidi, ninyi wenyewe au wadogo zenu, wanaopanda punda kila siku kwenda kisimani na mnadani. Kwa hao wote kiatu ni jambo la uhai na kifo, na nimeona likichukuliwa kama jambo la mapambo.

Ninalotaka mlishike leo ni hili. Buti la kupandia farasi huchaguliwa kwa ajili ya siku ya kuanguka. Siku farasi anapotembea kwa utulivu, hata aliyevaa malapa atafika. Unalipia buti kwa sababu ya zile sekunde chache ambazo mnyama atashtuka na wewe utakuwa huna la kufanya, ila kile ulichokivaa mguuni kitakuwa kinafanya kazi kwa niaba yako.

Niwaeleze inavyotokea. Mpandaji akikaa juu ya tandiko, nyayo zake zinakanyaga vikuku, vile vyuma viwili vinavyoning'inia kwa mikanda ubavuni mwa mnyama. Kikuku hukaa kwenye sehemu pana ya unyayo, hapa nyuma kidogo ya vidole, na kisigino kinashuka chini. Sasa kanga wanaruka kutoka kichakani. Au pikipiki imepiga honi, au turubai la lori limepeperuka. Farasi anaruka pembeni, mpandaji anapoteza mizani, na mguu unasukumwa mbele kwa nguvu zote. Kama kiatu hakina kisigino, unyayo mzima unapita ndani ya kikuku mpaka kifundoni. Akidondoka hapo, mguu unabaki umenaswa juu, kichwa kiko chini karibu na kwato za nyuma, na farasi, ambaye sasa anaogopa hicho kinachoburutwa ubavuni mwake, anazidi kukimbia. Hana ubaya wowote. Mnyama huyo ameumbwa kukimbia akiogopa, na anachokiogopa kimefungwa kwake.

Kinachozuia hayo yote ni kisigino cha sentimita mbili na nusu hivi. Kisigino hicho kiwe kimekatwa wima kwa upande wa mbele, ule unaotazama vidole, ili mguu ukisukumwa kigonge chuma cha kikuku na kukwama hapo. Viatu vyenye soli iliyonyooka moja kwa moja, raba za mazoezi, viatu vya wazi, na hata vile vya kike vyenye soli nene iliyoinuka bila kukatwa katikati, vyote havina kizuizi hicho. Nimeulizwa kuhusu yale mabuti ya wachunga ng'ombe wa Marekani, yenye visigino virefu zaidi. Yanafanya kazi hiyo vizuri, yalitengenezwa kwa ajili hiyo. Tatizo ni kwamba kazi ya mtunza farasi kwa sehemu kubwa ni ya kutembea na kusimama, na ukishinda juu ya kisigino kirefu jioni mgongo utakudai.

Kikuku chenyewe nacho kinatakiwa kilingane na buti. Pima buti pale lilipo pana kuliko kote, kisha kikuku kiwe kipana kuzidi hapo kwa sentimita mbili na nusu kwa jumla, yaani upana wa kidole kwa kila upande au pungufu kidogo. Kikiwa chembamba mguu unabanwa na hautoki. Kikiwa kipana mno, unyayo unapenya wote. Ukiajiriwa mahali ambapo wageni wanakuja na viatu vyao, mwambie mwenye mali anunue vikuku vyenye kinga ya mbele, vinavyofunika vidole na kuzuia mguu usipite. Vipo, na vinafaa sana kwa wanaojifunza na kwa watoto.

Hapa naomba niseme neno kuhusu punda, kwa sababu ndiko tuliko wengi. Mtoto wa Kigogo anayepanda punda bila tandiko wala kikuku, akianguka anaanguka. Ataumia mkono, atachubuka goti, atainuka. Ninachokiogopa ni kile nilichoanza kukiona, vijana wanafunga kamba kwenye matandiko ya mzigo, wanatengeneza vitanzi viwili, na kutia miguu humo ili wakae vizuri. Kitanzi cha kamba hakina umbo. Mguu ukiingia kinajikaza, na punda akikimbia hakuna kisigino cha kukuokoa, hata uvae buti gani. Ndugu zangu, fungueni vitanzi hivyo leo hii mkirudi nyumbani. Panda bila kikuku, au panda na kikuku cha chuma ukiwa na buti lenye kisigino. Njia ya katikati haipo.

Sasa soli, na hapa ndipo nchi yetu inapoleta ubishi wake.

Vitabu vya wenzetu wa Ulaya vinasema soli ya kupandia iwe laini, au iwe na mikato mifupi tu, na sababu yake ni nzuri: soli yenye meno marefu, kama ile ya mabuti ya kupandia milima au ya kijeshi, hushikilia kwenye kikuku, na mguu uliotakiwa kuchomoka haraka unachelewa. Nakubaliana nao kabisa. Lakini wao wanatembea kwenye majani na vumbi la mbao. Sisi tuna mbigili na mgunga. Mwiba wa mgunga ulionyooka, mrefu kama kidole, unapenya soli nyembamba ya raba na kufika kwenye nyama kabla hujajua umekanyaga nini. Mchungaji wa hapa huvaa katambuga za tairi kwa sababu hiyo hasa, tairi linazuia mwiba. Na katambuga, kwa uimara wake wote, haina kisigino, imeacha vidole wazi, na haishiki kifundo. Kwa kuchunga, sawa. Kwa kupandia farasi, hapana.

Jibu langu, na nimewatengenezea wateja kwa njia hii, ni soli ya tabaka mbili. Chini kabisa raba ngumu yenye mikato mifupi. Juu yake ngozi nzito ya soli, ile iliyotengenezwa kwa tanini, dawa ya ngozi inayotoka kwenye magome ya miti, unene wa milimita nne au tano. Ngozi ya namna hiyo imeshikamana sana, na mwiba ukiingia unakwama ndani yake. Katikati ya soli, sehemu ya upinde wa mguu, tunaweka kipande chembamba cha chuma kinachotoka karibu na kisigino mpaka kufikia pale unyayo unapojikunja. Hicho ndicho kinachoubeba mguu wako. Mpandaji anasimama juu ya chuma chembamba cha kikuku kwa saa nyingi. Soli isiyo na kipande hicho inajikunja juu ya kikuku, upinde wa mguu unauma, na mtu anaanza kuvuta mguu nyuma, akikanyagia ncha za vidole tu. Akianza hivyo, mizani yake juu ya farasi imekwisha.

Naomba mniruhusu niinue buti hili. Nimelinunua juzi soko la Sabasaba, kwenye mitumba, na nimelileta kwa makusudi. Mnaliona linavyong'aa? Ngozi nyeusi, kifundo kirefu, zipu upande wa ndani, umbo lenyewe ni la kupandia. Muuzaji amelipaka dawa vizuri. Wengi wenu mtanunua mabuti ya mtumba, na mimi sioni aibu yoyote kwenye hilo, kwa sababu buti jipya la kupandia linalotoka nje halishikiki kwa mshahara wa mtunza farasi. Mtumba mzuri unaweza kukuvusha miaka. Ila lazima ujue pa kutazama.

Sitazami juu. Naligeuza chini. Nabonyeza kisigino na ukingo wa soli kwa ukucha wa dole gumba, hivi. Mmeona? Kipande kimebaki kwenye ukucha wangu. Soli hii ni ya poliyurethani, plastiki yenye vipovu vidogo ndani yake, nyepesi na inayopendeza kutembelea, na ina kasoro ambayo haionekani kwa macho: unyevu wa hewa huivunjavunja polepole kwa miaka, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Buti lililokaa ghalani Ulaya, likasafiri kwenye kontena, likakaa bandarini, linaweza kuja hapa likiwa zima kwa sura, na siku ya pili unayolivaa soli yote inameguka kama maandazi makavu. Ikitokea ukiwa barabarani utatembea peku. Ikitokea ukiwa juu ya farasi, kisigino nilichokisifia dakika kumi zilizopita kinabaki njiani, na wewe hujui kama kimebaki. Kwa hiyo bonyeza, kunja, na ukiona nyufa nyembamba kwenye ukingo au unga unaobaki mkononi, rudisha. Soli ya raba halisi ikikunjwa inarudi, na ukiinusa utaijua.

Baada ya hapo nalikunja buti lenyewe kwa mikono miwili. Likijikunja chini ya vidole, sawa, hapo ndipo mguu hujikunja. Likijikunja katikati, kwenye upinde, hakuna chuma ndani, au kimeshavunjika. Wakati mwingine utakisikia kikilia. Kisha naingiza mkono ndani mpaka mwisho na kupapasa misumari, mishono iliyochomoza, na soli ya ndani ilipodidimia. Aliyelivaa kabla yako ameacha umbo la mguu wake humo, na kama alikuwa anakanyagia upande mmoja, kisigino cha nje kitakuwa kimelika zaidi upande huo. Kisigino hubadilishwa kwa fundi bila shida. Upinde uliozoea mguu wa mtu mwingine haubadilishwi.

Mwisho kabisa ndipo natazama ngozi. Ngozi halisi ukiibonyeza hufanya mikunjo midogo inayosambaa na kupotea. Ngozi bandia inabonyea palepale, na kwenye ukingo uliokatwa utaona kitambaa chini ya plastiki. Sisemi ngozi bandia haifai popote. Kwa mtoto ambaye mguu utakua mwaka huu huu, inatosha, na inaoshwa kwa maji. Lakini kwa mtu wa kazi, jua la Dodoma litaipasua pale inapojikunja, na ikishapasuka hakuna fundi wa kuishona.

Na ulizeni soli imeshikwaje. Iliyogundishwa kwa gundi pekee, siku za Oktoba na Novemba ukitembea kwenye lami ya moto, inaanza kufunguka mdomo mbele. Iliyoshonwa ndiyo buti ambalo fundi anaweza kulifungua, akatoa soli iliyochakaa na kushona nyingine, na sehemu ya juu ikaendelea. Kama umepata la gundi na huna lingine, lete kwa fundi kabla hujaanza kulivaa. Tutapitisha uzi wa nailoni mzito kuzunguka ukingo. Kazi ya nusu siku hiyo inaongeza maisha ya buti kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Kuhusu ukubwa, watu wengi hununua kwa namba, na namba za mitumba zinachanganya. Buti la Kiingereza lililoandikwa 8 na la Kimarekani lililoandikwa 9 la kiume, yote mawili ni karibu na 42 yetu tuliyoizoea. Achana na namba, vaa. Vaa jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na vaa na soksi ile utakayofanyia kazi. Vidole vichezeke. Kisigino cha mguu kisipande unapotembea zaidi ya kidogo sana. Kifundo kishikwe pande zote lakini uweze kukishusha kisigino chini kuliko vidole, maana hicho ndicho kikao cha mpandaji, na buti gumu lisilokubali kifundo kukunja litakukalisha vibaya hata liwe ghali namna gani. Kwa sababu hiyo napendelea buti fupi la kamba, linaloishia juu kidogo ya kifundo, kuliko lile refu la mpaka gotini. Kamba unaikaza unavyotaka kadiri ngozi inavyolegea. Zipu ikiingia vumbi letu jekundu haina siku nyingi.

Buti refu lina faida zake, sikatai. Linaukinga mguu na mkanda wa kikuku unaochubua ugoko, na porini linakinga na kifutu, nyoka anayelala njiani bila kusogea na kuuma chini ya goti. Ukiamua kulinunua, pima shavu la mguu ukiwa umekaa, goti limekunjwa, pale palipo panene zaidi. Na jipya liwe linakugusa karibu kabisa na nyuma ya goti, likikuudhi kidogo, kwa sababu ngozi ikishazoea kujikunja kifundoni buti hushuka sentimita moja na nusu, hata mbili. Asiye na uwezo wa buti refu avae fupi, na juu yake afunge kifuniko cha ngozi cha muundi, ambacho fundi yeyote mwenye cherehani ya ngozi anaweza kukishona kwa kipande cha ngozi laini, bizimu tatu na mkanda.

Gambuti za mvua naona mmeanza kuzitaja huko nyuma. Masika, udongo mweusi wa Bahi ukishika, hakuna kinachozishinda kwa kufagia banda. Zivaeni bandani. Msipande nazo. Mguu unacheza ndani, soli ina meno makubwa, na upana wake haulingani na kikuku.

Sasa nawageukia wenye mali, na naona wachache wamekuja, nawashukuru. Tunapozungumza viatu vya farasi tunamfikiria anayekaa juu. Lakini mtu anayekaa na farasi saa nyingi zaidi ni yule wa chini, anayemswaki, anayemkagua kwato, anayemshikilia daktari anapodunga sindano. Farasi wa kilo 450 amebeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele. Pigeni hesabu. Akisimama tu, kila mguu wa mbele umebeba kilo 135, na chini ya kwato mara nyingi kuna chuma. Kijana mmoja alikuja kibandani kwangu akitaka kushonewa yeboyebo iliyokatika mkanda. Ukucha wa dole gumba haukuwepo, na vidole viwili vilivyofuata vilikuwa vimevimba vikawa na rangi ya bilinganya. Nilimuuliza kama amekwenda hospitali. Akasema kwanza ashonewe, kwa sababu saa kumi anatakiwa kuwanywesha farasi.

Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tandiko la farasi aliyemkanyaga lina thamani ya mishahara mingi ya kijana yule, na lilikuwa na kabati lake lenye kufuli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga na hatari ya kazi yake. Kiatu ni kifaa cha kujikinga kwa mtu yeyote anayefanya kazi kati ya kwato. Mnunulieni mtunza farasi buti la ngozi lililofunika vidole, na msimkate kwenye mshahara.

Mtaniuliza kuhusu mabuti yenye chuma mbele, yale ya migodini. Kuna watu wanaamini kwamba farasi akikanyaga, chuma kinakunjika na kukata vidole. Buti la usalama lililopimwa kwa viwango vya kimataifa hujaribiwa kwa pigo la joule 200 na mgandamizo wa kilonyutoni 15, sawa na uzito wa tani moja na nusu, na kinga inatakiwa ibakize nafasi ya vidole. Farasi wenu hafiki huko. Kwa kazi ya chini, mnunulieni mtu buti lenye kinga hiyo, likiwa na alama halali ya kupimwa. Kwa kupanda, sipendekezi mengi ya hayo, kwa sababu mbele ni pana na nene, na soli ni ya meno. Kama mtu anafanya kazi zote mbili, kwa haki anahitaji jozi mbili.

Ninyi wanafunzi wa mifugo nina ombi lenu peke yenu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mimi fundi wa Dodoma nahangaika kupata ngozi safi ya buti. Sababu mnaitembelea kila mnapokwenda zizini. Ngozi bora ya ng'ombe ni ya mgongoni kuelekea makalioni, nene, iliyoshikamana, isiyovutika ovyo. Ndiyo inayotoa sehemu ya juu ya buti na soli yake. Na hapohapo ndipo watu wanapopenda kupiga chapa ya moto, kubwa, ionekane kwa mbali. Ngozi iliyoungua haiponi, ukiikunja inapasuka kwenye mstari wa chapa. Chapa ikipigwa chini mguuni au shavuni, ng'ombe anatambulika vilevile na ngozi yangu imepona. Kuna kupe wanaotoboa, kuna mikwaruzo ya miiba, hiyo ya miiba nawasamehe, siwezi kuing'oa migunga yote. Halafu kuna kisu cha machinjioni. Mchunaji mwenye haraka anaacha michubuko upande wa nyama, ambayo haionekani mpaka ngozi ikishalainishwa, na hapo inakuwa mashimo. Na ngozi ikichunwa saa mbili asubuhi, ikaachwa imekunjwa juani bila chumvi mpaka jioni, imeshaanza kuoza kwenye vinyweleo. Mkifika kazini, huko vijijini mtakakopangiwa, fundisheni chumvi. Fundisheni kisu cha kuchunia chenye ncha butu. Nchi hii ina miwati ya Njombe yenye magome ya tanini, ina chuo cha teknolojia ya ngozi Mwanza, ina kiwanda cha viatu Karanga kule Moshi. Kinachopungua ni ngozi isiyo na kovu.

Utunzaji wa buti nitaupita haraka. Mkojo na jasho la farasi vinakula uzi wa mshono kabla ya kula ngozi, kwa hiyo ukitoka bandani pitisha kitambaa chenye maji, hasa kwenye mshono wa soli. Likilowa, lijaze magazeti na uliache kivulini. Kuliweka karibu na jiko la mkaa au juu ya bati la moto kunaikausha ngozi mpaka inakatika. Hewa yetu ni kavu miezi mingi, mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka na karibu yote inakuja kati ya Desemba na Aprili, basi kiangazi lipake mafuta ya ngozi mara kwa mara, kidogo kidogo, na usipake soli wala sehemu ya ndani inayogusa tandiko mpaka iteleze. Na asubuhi, kabla ya kuingiza mguu, ligeuze na kulikung'uta. Nge wanapenda giza na joto la buti.

Kofia ngumu sikuizungumzia kwa sababu mwenzangu ataizungumzia baada yangu. Msikilizeni kwa makini kuliko mlivyonisikiliza mimi.

Ndugu mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nimeweka meza pale chini ya mwembe, nina sindano, uzi, gundi na visigino vya raba vya saizi za kawaida, na nitakuwepo mpaka saa kumi na moja. Waliokuja na mabuti waje nayo, hata yaliyochakaa, tuyakague pamoja. Anayetaka kupimwa mguu aje na soksi yake ya kazi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.